Kulilaza Gari la Mume Wangu

Mume wangu alilinunua lile gari jekundu la mbio kutoka kwa mzungu aliyekuwa akihama Nairobi, na mimi nilimnunia mwezi mzima. Viti viwili tu! Barabara ya kwetu Machakos ilikuwa mawe matupu, na gari lenyewe lilitambaa chini chini, tumbo likikwaruza kila tuta. Nilimwuliza kama shangazi zake tutawafunga juu ya paa siku za harusi. Alicheka, akalipangusa vumbi kwa shati lake, shati ambalo mimi ndiye niliyelifua.

Kisha, mwaka wa tisini na sita, akapata kazi ng'ambo, akaniachia funguo. Mwaka mmoja tu, alisema. Kila Jumamosi nililiwasha, nikakaa ndani injini ikinguruma, nikisahihisha madaftari ya wanafunzi juu ya usukani. Majirani walisema mwalimu anasafiri bila kuondoka. Niliwaacha waseme. Harufu ya mume wangu ilikuwa bado mle ndani, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kunikera.

Mwaka wa tatu, Julai, katika ile baridi ya manyunyu ambamo vilima vya Iveti havionekani hadi saa tano, barua ikaja. Huko aliko, aliandika, theluji ikikaribia, wenye magari kama letu huyalaza mpaka majira mazuri yarudi. Nami nifanye hivyo hivyo: nimwite fundi, tuliinue juu ya mawe ili magurudumu yasibonyee, tung'oe betri, tuzibe ekzosi kwa matambara panya wasiingie. Kurasa mbili za gari. Mimi nilipata salamu mstari mmoja.

Fundi alikuja Jumamosi, mzee wa maneno machache aliyekuwa akilitengeneza tangu mwanzo. Tuliliosha, tukalikausha, tukalipiga jeki kona baada ya kona na kusukuma mawe chini yake. Halafu akasimama, akijipangusa mikono.

"Mwalimu, hii gari italala miezi ama miaka?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kama ni miezi, tunajaza tanki mpaka juu, isishike kutu ndani. Kama ni miaka, tunatoa petroli yote. Petroli ikikaa sana inaoza, inaharibu kila kitu."

"Miezi," nikasema upesi, kabla moyo haujanisuta. "Anakuja Krismasi."

"Nesa, vizuri. Basi lete petroli, mtungi mmoja."

Nikachukua mtungi wa plastiki, nikashuka mjini kwa miguu. Kwenye kituo cha petroli kulikuwa na foleni, nami nikaitoa barua mfukoni mwa sweta niisome tena, nione kama ametaja aina ya petroli. Hakutaja. Lakini mstari wa mwisho, ambao nyumbani niliupitia juu juu, ulisema betri nimpe yeyote anayeihitaji.

Huyu mtu aliyekuwa akificha hata kitambaa cha kufutia vioo nisikiguse! Mtu anayerudi Krismasi hatoi betri yake sadaka. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu nilikuwa nikiyaona mwaka mzima, nikajiambia ni moshi wa majirani.

"Tuweke ngapi, mama?" mhudumu wa pampu akaniuliza.

"Usiweke," nikamjibu, nikatoka kwenye foleni.

Nililia njiani bila aibu, nikajipangusa kwa mkono wa sweta. Nilijiona mpweke kuliko siku aliyoondoka, maana siku ile angalau nilibaki na mtu wa kumngoja.

Nilipoingia langoni, fundi alinitazama usoni, kisha akautazama mtungi mtupu. Aliupokea kwa mikono miwili, akafungua kifuniko, akalala chali chini ya gari na kuutega chini ya tanki.