Punda Aliyekataa Maji ya Ubani

Juzi nilialikwa arusini, na maji ya kunywa yaliyoletwa yalikuwa yamefukizwa ubani. Nilipoipeleka bilauri mdomoni nikacheka peke yangu, hadi mama aliyeketi karibu nami akanitazama kwa wasiwasi. Ningemwelezaje kwamba kwangu mimi ile ni harufu ya punda? Ninyi nitawaeleza.

Tulikaa Ujiji, kwa Bibi, mama yake baba. Ilikuwa miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka mpaka makundi kwa makundi, na nyumba nyingi za mjini zilikuwa na watu wengi kuliko mikeka. Kwetu alifikia Mzee Sabimana kutoka Burundi, pamoja na binti yake na wajukuu wanne, wakingoja binti apone homa ndipo waende kambini. Bibi hakutaka kabisa kulisikia neno mkimbizi uwanjani kwake. "Hawa ni wageni wangu," alinikemea siku nilipolitamka. "Mkimbizi ni wewe, unayekimbia vyombo kila siku."

Mzee Sabimana alikuwa mrefu, mkimya, na fimbo yake haikumtoka mkononi hata akila. Kutwa alikaa kwenye kivuli cha ukuta wa jiko akitazama chini. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliitikia kwa kichwa tu. Mimi nilimwona mzee wa kununa, na nilimwogopa.

Kwa watu wote hao maji yalitoka ziwani, na aliyeyabeba zaidi ni Bibi, ndoo kichwani, magoti yakimuuma mpaka akifika anashikilia nguzo ya mlango. Baba Mkubwa hakuvumilia kuona hivyo. Aliposafiri kwenda Dodoma alirudi na punda, kapakiwa kwenye treni pamoja na magunia. Tulimpa jina la Behewa, kwa heshima ya usafiri wake.

Watoto wa mtaa mzima walikuja kumtazama. Lakini Behewa mwenyewe hakuwa na habari na mtu. Ilikuwa Septemba, jua la kupasua kichwa, mvua bado zinatupiga chenga, naye alikuwa ametoka safari ndefu ndani ya bati la moto. Macho yalikuwa yameingia ndani, ulimi umekauka. Baba Mkubwa alimfinya ngozi ya shingo, nayo ikabaki imesimama vilevile, haikurudi. Tukamwekea ndoo ya maji. Akainusa, akageuza uso.

Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Bibi alianza kuzunguka uwanja akinung'unika. "Mnyama afe kwa kiu kwangu mimi, mwenye ziwa zima mbele ya nyumba! Nitamjibu nini Mungu?" Baba Mkubwa alipokwenda kumtafuta bwana mifugo, alinikabidhi kazi. "Mwasiti, wewe ndo mkubwa wa hawa watoto. Nikirudi nimkute kanywa."

Nikaona nimepewa nchi nzima. Nikakaa nikafikiri. Bibi alipopata mgeni wa heshima alikuwa na desturi yake: huufukiza mtungi kwa ubani kwanza, ndipo aujaze maji, na mgeni akinywa lazima asifu. Sasa huyu Behewa ametoka Dodoma, tumempa maji ya ndoo tupu kama mtu wa kupita! Lazima amesusa.

Nikaiba ubani wa Bibi, si punje mbili wala tatu, konzi nzima. Nikawasha chetezo, nikakifunika kwa ile ndoo, nikakiacha humo mpaka moshi ukawa unatafuta njia pembeni. Kisha nikajaza maji, nikambebea Behewa huku nikitembea kwa adabu, kama nilivyomwona Bibi akifanya.

Behewa alitia pua, akapiga chafya, iliyonilowesha kuanzia kichwani mpaka miguuni. Akaipiga ndoo teke. Tangu hapo kila nilipomletea kitu alirudi nyuma, kwa sababu mikono yangu, kanga yangu, nywele zangu, vyote vilinuka ubani. Kufika adhuhuri alikuwa amelala chini, kichwa kwenye mchanga, na mimi nikajua nimemuua punda wa Bibi. Nilijificha nyuma ya jiko nikalia.

Nilikuwa nimesahau kwamba huko ndiko kwa Mzee Sabimana. Alinitazama, akainuka, akaiokota ndoo, akainusa.

"Ni nani ametia ubani humu?"

"Mimi, Mzee. Nilitaka kumpa heshima."

Basi yule mzee akacheka. Alicheka mpaka akajishika kwenye fimbo, na binti yake akatoka ndani kuja kuona ni nani anayecheka kwa sauti ya baba yake.

"Leta karai," akasema. "Na chumvi. Ile ya Uvinza, yenye mabonge. Wewe usisogee, unanuka arusi."

Akapiga magoti kwenye mchanga. Alilowesha kiganja, akakipaka chumvi, akampangusa Behewa midomo na ufizi, taratibu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ulimi ukatoka kuitafuta ile chumvi. Chumvi nyingine kidogo akaitia kwenye maji ya karai. Kisha akaanza kupiga mluzi mwembamba, na katikati ya mluzi akawa anaita kwa sauti ya kuimba: "Bihogo... Gaju... Sine..." Jina baada ya jina, mengi, nami nilihesabu kumi na moja.

Behewa akasimamisha sikio. Akajikokota, akainuka, akatumbukiza pua. Nilisikia koo lake: gu, gu, gu. Mzee akalivuta karai. "Buhoro," akamwambia, kwa Kirundi chake. "Polepole, tumbo litauma." Akangoja, akamrudishia.

Furaha ilinitia ujuba. "Mzee," nikasema, "huyu anaitwa Behewa. Punda ni mmoja, jina moja linatosha."

Hakunitazama. "Waache," alisema. "Waje wote wanywe."

Nilikimbia kumpa Bibi habari: Behewa amekunywa, ila mzee wa watu akili zimemruka kidogo. Bibi hakucheka. Alichukua mchi, akaniambia nikatwange kisamvu, na jioni hiyo akampelekea Mzee Sabimana chakula kwa mikono yake mwenyewe. Wiki iliyofuata wageni wetu waliondoka kwenda kambini, na sikumwona tena.

Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima nilipokuja kufanya kazi na mama mmoja wa Kirundi, aliyekulia kwa wafugaji. Siku moja nilimsimulia kisa cha Behewa, nikamtajia yale majina niliyoyakumbuka. Akaacha alichokuwa akikifanya. Akaniambia ndivyo kwao wanavyowaita ng'ombe, kila mmoja kwa rangi yake, na mchungaji huwaita hivyo wanapofika majini.

Nilikuwa nimesimama pale pale, hatua mbili kutoka kwenye karai, na niliona punda mmoja tu.