Mkono Usiochora Uongo

"Mkono huu," alisema Profesa mbele ya waumini wote, akiuinua kama unauzwa mnadani, "haujawahi kuchora uongo, na hautachora hadi naingia kaburini."

Alipigiwa makofi. Yeye mwenyewe vinyweleo vilimsimama. Ni njiani tu, akirudi kibandani kwake, ndipo alipokumbuka kwamba juzi alimchora kinyozi kwenye mlango wa kinyozi mwenyewe, akiwa na nywele tele, ilhali kinyozi ana upara wa kung'aa kama sahani. Na kwamba zahanati ya mtaa wa nyuma ameiandikia "Madaktari Bingwa" wakati ndani yuko nesi mmoja na feni. Lakini hayo ni mabango, alijitetea. Mabango ni kazi ya tumbo, sanaa ni kitu kingine. Uprofesa wenyewe alipewa na mtaa baada ya kuacha stashahada ya uchoraji mwaka wa pili, akidai walimu wanamharibia kipaji. Kipaji hicho kilichookolewa ndicho kinachoandika "Usikojoe Hapa" hadi leo.

Basi mama yake akaja na ombi. Mumewe alikuwa na miezi saba ardhini, na picha iliyobaki nyumbani ni ya kitambulisho, ile ambayo kila mtu hutoka kama amekamatwa.

"Nichoree baba yako, mwanangu. Nimeanza kumsahau uso, nami naogopa."

Profesa alifunga kibanda siku nne. Alichora mdomo uliobanwa, nyusi zilizokutana, macho ya mtu anayekagua risiti. Alipomaliza alisali sala fupi ya shukrani, ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya kujipongeza.

Mama aliitazama kitambo pale sebuleni. Kisha akaigeuza ikatazama ukuta.

"Huyu simjui."

"Mama, ndiye baba. Hata kovu nimeliweka."

"Kovu ni lake. Ila umemchora alivyokuwa anakutazama wewe. Mimi hakunitazama hivyo."

"Kwani alikutazamaje? Miaka thelathini sijamwona akicheka."

"Ukishatoka chumbani ndiyo alikuwa anacheka. Hata kusali tulikuwa hatumalizi. Akifika kwenye kukuombea wewe, kicheko. Anasema, Mungu mwenyewe anajua huyu ni kichwa ngumu, tusimchoshe. Mimi namkanya, yeye anazidi."

 Miaka yote Profesa alikuwa akisikia minong'ono ile nyuma ya mlango, akidhani anashtakiwa kwa Mungu. Juu ya ukali wa mzee alikuwa amejijengea usanii mzima wa mtu asiyeeleweka kwao, pamoja na ndevu za kisanii.

"Basi sitaweza," alisema. "Nitakuwa nachora nisichokiona. Na niliapa mbele za watu."

"Uliapa huku kinyozi ana nywele. Nichoree nilichokiona mimi. Au macho yangu nayo ni ya uongo?"

 Profesa aliigeuza picha, akavuta stuli.

"Akicheka, meno yalionekana?"

"Yote. La mbele limempanda mwenzake kidogo. Na jicho la kushoto linafumba."

Aliufuta ule mdomo wa siku nne kwa kitambaa na tapentaini, akachora mwingine kwa penseli, mama akimwelekeza kutoka kwenye kochi: panua, panua tena, baba yako hakuwa bahili wa kucheka. Ilipofika zamu ya meno, rangi nyeupe ilikuwa imekwisha.

Kopo dogo la nyeupe, duka la vifaa pale njia panda, ni elfu tatu na mia tano; hizo Profesa angezipata kwa bango jingine la uongo.