Paka Walionyweshwa Maziwa ya Mbuzi

Wifi yangu Felisita Ngassa nilimjua kabla hajawa wifi yangu. Tulikaa dawati moja tangu darasa la pili hadi la saba, na hajawahi kuachia kitu alichokwisha kukishika. Alipofiwa na mume, yaani kaka yangu, watoto wake wakiwa wamehamia Mwanza, alifyatua matofali kwa mikono yake, akayachoma, akajenga nyumba ya vyumba viwili hapa Nkololo, na nyuma yake ghala. Nyumba hiyo ndiyo nusura aihame.

Mwaka juzi panya waliingia ghalani. Walikula mpunga, wakala mahindi, wakamalizia na michembe, vile viazi vyetu vya kukausha. Ikabidi kaka yake mkubwa, Constantine, amletee chakula. Constantine ni mtu wa sauti nzito na ng'ombe wengi. Alileta gunia, akaleta na maneno.

"Unaishi peke yako kama mlinzi wa shule," alisema. "Chakula kikiliwa tena mwaka huu, unafunga mlango huu, unahamia kwangu."

"Kwako nitafanya nini, kaka?"

"Mke wangu atakupangia kazi ndogondogo."

Felisita aliniambia baadaye kwamba neno lililomuuma ni hilo la kupangiwa.

Constantine alikuwa na sumu ya panya mfukoni. Felisita aliikataa, maana alikuwa na paka jike aliyezaa siku chache tu, lakini kaka mtu akaingia ghalani akaitega mwenyewe. Panya mmoja alitoka nje anayumba, paka akamkamata akamla. Kesho yake tulimkuta paka amekauka pembeni mwa ua. Ndani ya tenga kulikuwa na watoto wanne, macho yao ndiyo kwanza yanafunguka, wanalia kwa sauti nyembamba.

"Tupa hao," Constantine alisema. "Nitaleta sumu nyingine."

"Hawa ndio walinzi wa ghala langu."

"Hao wakiishi, Felisita, na mimi nitakamua mbuzi."

Waliokuwepo wakacheka. Kwetu anayekamuliwa ni ng'ombe. Mbuzi tunamfuga kwa nyama na kwa kuuza, na mwanaume mzima akionekana amechuchumaa chini ya mbuzi na kikombe, atakuwa amejitafutia jina.

Hapo naingia mimi, na kosa langu nitalisema mwenyewe kabla hajalisema mwingine. Nina ng'ombe wangu mmoja ambaye maziwa yake ni mazito, ukiyaacha kidogo yanaweka utando. Nimelea ndama yatima kwa maziwa hayo tangu ujana wangu, na watu hunifuata kutoka vijiji vingine. Nikampelekea Felisita chupa nzima, nikatia na sukari. Tukawalaza wale watoto chali mapajani kama watoto wachanga, tukawamiminia kwa kijiko. Siku ya pili wakaanza kuharisha. Mimi nikaona wana njaa, nikaongeza maziwa. Siku ya tatu mdogo kuliko wote akafa.

Siku hiyohiyo afisa mifugo wetu, Sia, alipita na pikipiki kuchanja kuku. Sia ni binti wa Moshi aliyeletwa kufanya kazi huku, na amejifunza salamu zetu.

"Mwadila mayu," alisema.

"Mwadila. Acha kuku kwanza, mwanangu, uniangalizie hawa," Felisita akamjibu.

Sia akainua mmoja, akamgusa tumbo. "Nani anawapa maziwa ya ng'ombe?"

"Mimi," nikasema. "Na hayana maji kama ya mjini."

"Ndiyo yanayowaharisha, bibi."

"Ndama wangapi nimewalea kwa maziwa haya?"

"Ndama ni mtoto wa ng'ombe. Hawa ni watoto wa paka."

Felisita aliangua kicheko, msiba ukiwa bado uko kwenye tenga. Mimi nikaziba chupa yangu ya maziwa.

Sia akaeleza. Dukani Mwanza kuna maziwa ya unga ya watoto wa paka, lakini mpaka yafike Nkololo tungekuwa tumewazika wote. Kwa leo wapewe matone ya maji yaliyochemshwa, yenye ile dawa ya chumvichumvi wanayopewa watoto wanaoharisha, na wapewe joto, maana mtoto wa paka akiwa wa baridi chakula hakimsagiki. Kuanzia kesho wapewe maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa yakapoa, yakorogwe na kiini kidogo cha yai. Walishwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, wakiwa wamelala kifudifudi kama wanavyonyonya kwa mama yao. Ukimlaza chali, maziwa yanaingia kwenye mapafu.

"Maziwa ya mbuzi," Felisita akarudia.

Mbuzi aliyezaa karibuni, mtaa mzima, alikuwa mmoja tu, na alikuwa wa Constantine.

Tulikwenda wote wawili. Constantine alikuwa amekaa na wanaume wenzake nje ya nyumba yake. Felisita akasema shida yake bila kuzunguka. Kaka yake akawatazama wenzake kwanza.

"Mbuzi yule pale," akasema. "Simkatazi dada yangu. Lakini sina mtu wa kukukamulia. Kamua mwenyewe, mchana huuhuu, hapa mbele ya watu."

Alidhani dada yake ataona aibu arudi nyumbani. Felisita akaniachia mkoba, akakunja kitenge magotini, akachuchumaa. Mbuzi alimpiga teke mara mbili. Kikombe kikamwagika, wanaume wakashika mbavu. Mmoja akauliza kama kesho atakuja kukamua na kuku. Felisita akajibu bila kugeuka, "Nikikosa mbuzi nitakukamua wewe." Alipoinuka kikombe kilikuwa nusu. Akamshukuru, "Wabeja, kaka. Kesho saa hizihizi."

Akaenda kila siku kwa wiki tano.

Nimeona watu wakilea watoto wao kwa uangalifu mdogo kuliko ule. Kila baada ya saa tatu aliwasha jiko, akapasha maziwa, akadondosha tone kwenye kifundo cha mkono kujua kama ni vuguvugu. Alijaza chupa maji ya moto, akaizungushia khanga, akaiweka ndani ya tenga. Kila mmoja akishashiba alimpangusa chini kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu mpaka akojoe, maana Sia alisema mama yao huwalamba hivyo na wenyewe bado hawawezi. Kuhara kukakata siku ya pili. Siku ya tano mmoja akanikwaruza kidole, nikajua ameamua kuishi.

Meno yalipotoka nikawaletea ugali laini wenye mchuzi wa vitunguu. Sia akaurudisha. "Paka ni mla nyama, bibi. Ugali unamjaza tumbo tu, na vitunguu ni sumu kwake." Safari hii sikubishana. Nilipanda gari hadi Nyashimo, nikanunua dagaa wa kuanikwa wasio na chumvi, nikawachemsha, nikawatwanga mpaka wakawa uji. Felisita akachanganya na maziwa yaleyale, akapunguza maziwa siku hadi siku, akaongeza dagaa, na ikipatikana ini akakatakata vipande kama punje za mtama. Wale watatu walikula huku wananguruma.

Kabla mpunga haujavunwa walikuwa wanalala ghalani. Asubuhi moja Felisita alikuta panya watano wamepangwa mlangoni. Aliniita nije kuwaona kabla hajawatupa. Mavuno yakaingia, miezi ikapita, hakuna gunia lililotobolewa.

Ghala lililotobolewa lilikuwa la Constantine. Sumu yake panya walikuwa wameshaijua, wanaizunguka wanakwenda kwenye mahindi. Jumapili moja baada ya misa, uani kwa Felisita kukiwa kumejaa watu, akaja na kofia mkononi.

"Dada, nimekuja kuomba paka mmoja."

"Na mimi nihamie lini, kaka?"

"Hayo yamekwisha. Nyumba ni yako."

"Wamesikia hawa wote?"

"Wamesikia."

Felisita akamchukua yule dume mweusi, akamkalisha begani. "Huyu ni wako. Lakini kuna neno ulilisema siku paka hawa walipofiwa na mama yao. Wifi, wewe una kumbukumbu. Alisema nini?"

Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Alisema hao wakiishi, na yeye atakamua mbuzi.

Constantine alitazama chini, akatazama watu, kisha akacheka mwenyewe. Tukaongozana naye hadi kwake, kundi zima, jua likiwa la saa saba. Kulikuwa na mbuzi mwingine aliyezaa juzi. Mzee mwenye ng'ombe wote wale akakunja suruali ya kanisani, akachuchumaa, akapigwa teke la kwanza.

"Shika karibu na tumbo, kaka," Felisita akamwelekeza. "Polepole. Na kikombe kiwe nusu, kama changu."