Mchimba Visima Aliyesimama Kumtetea Mwalimu Mwakio

WAJIR, 1953 — Saa moja asubuhi, Jaldesa Wario yumo ndani ya kisima. Maji ya chumvi yanamfika magotini, na kila baada ya dakika chache ndoo ya ngozi inapanda ikiwa imejaa tope jeupe. Huko juu ngamia wanalia kwa kiu na wenye ngamia hao wanampigia kelele afanye upesi. Yeye haongezi mwendo. Mtu akiharakisha kisima, anasema, kisima nacho humharakisha mtu.

Anajua anachosema. Machi mwaka jana, kisima kilicho hatua mia mbili kutoka hapa kilimfukia mdogo wake, Tari.

Jaldesa ana miaka hamsini, au karibu na hapo. Zamani alikuwa mfugaji. Ukame ulimwachia ng'ombe wanne kati ya sitini, akaingia mjini kutafuta kazi ya mikono. Huu ni mwaka wa kumi na nane anachimba na kusafisha visima vya watu. Ujira wake ni maziwa ya siku, na mbuzi mmoja kwa kila visima vitatu. Mkewe, Dahabo, husuka mikeka ya kuezekea nyumba za wahamaji.

Lakini leo hataki kuzungumzia ujira. Anataka kumzungumzia Ezra Mwakio.

Mwakio ni Mtaita na Mkristo, aliyeletwa Wajir miaka sita iliyopita kufundisha watoto wa askari na makarani. Jioni, kwa hiari yake, aliwafundisha watu wazima kusoma. Walifika thelathini na mmoja, karibu wote Waislamu, wachinjaji na wachota maji na wauza maziwa. Walimwita Maalim. Jumapili aliongoza ibada ya Wakristo wachache katika chumba cha udongo nyuma ya nyumba za askari.

Tari alifukiwa siku ya Jumapili. Dahabo alikimbia hadi kwenye chumba kile, akasimama mlangoni akilia. Mwalimu alifunga Biblia, akatoka.

"Ukuta ulikuwa bado unamwagika," anasimulia Jaldesa. "Mimi mtu mzito, nikishuka unaanguka wote. Maalim mwembamba. Akasema, nifunge kamba."

Shingoni mwalimu alikuwa na msalaba mdogo wa mti, umening'inia kwenye ukanda wa ngozi.

"Nikamwambia, Maalim, toa hiyo kitu, itashikana na kamba, itakunyonga. Akavua, akaniwekea mkononi. Akashuka."

Alichimba kwa mikono mpaka adhuhuri. Mara mbili mchanga ulimfunika hadi kifuani, mara mbili walimvuta, na mara mbili akarudi. Alipompata Tari, alikuwa amekwisha kufa. Mwalimu alifuata jeneza hadi makaburini, tope likimkaukia mwilini, akasimama kando ameinamisha kichwa wakati wa sala. Msalaba wake ulikuwa kwenye ngumi ya Jaldesa, ambaye kwa uchungu aliusahau humo, akaenda nao nyumbani. Aliurudisha siku ya tatu.

Siku tatu zilitosha. Hosea Mbela, karani na mzee wa Wakristo wale, alikuwa kitandani na homa Jumapili ile. Kisimani hakufika, ila kupitia dirishani alimwona mwalimu akipita na msiba, shingo tupu. Akaandikia baraza la kanisa lao huko pwani kwamba Mwakio ameikatiza ibada, ameuvua msalaba ili awapendeze Waislamu, na amesilimu kichinichini.

Mwezi Mei jibu lilifika: mwalimu asiongoze ibada wala asifundishe hadi atakapohojiwa.

Jaldesa alimwendea. "Maalim, kwa nini husemi?"

"Niseme nini, mzee wangu? Kwamba nilimchimbua ndugu yako? Nikijitetea kwa msiba wenu, nitakuwa nimeufanyia biashara."

Jaldesa akaona kwamba basi itabidi aseme yeye. Jumapili iliyofuata alivua viatu mlangoni mwa chumba kile cha udongo, akaingia. Hosea ndiye aliyekuwa akiongoza.

"Salaam aleikum. Nina maneno."

"Mzee, hapa ni ibada," Hosea akamwambia. "Nawe ni Mwislamu. Utatushuhudia nini juu ya imani yetu?"

"Mimi siongei dini yenu," Jaldesa akajibu. "Naongea kamba. Mimi ndiye nilimwambia avue. Kama hiyo ni dhambi, andika jina langu."

Mke wa askari mmoja akaanza kulia. Hosea akafunua kitabu cha nyimbo, akasema barua imekwisha kwenda. Nyingine hakuandika.

Agosti, mwalimu alipanda lori la Isiolo kupitia Modogashe. Wanafunzi wake walisimama kando ya barabara hadi vumbi likatua. Baraza lilimsikiliza bila shahidi hata mmoja, likamwondoa. Habari zilizofika ni kwamba sasa analima mahindi kwao, na kwamba majirani hawamwiti tena kuombea wagonjwa. Darasa la jioni limefungwa; mbuzi hulala humo.

"Niliandika nilichokiona," Hosea alimwambia mwandishi. Alipoulizwa kama aliiona kamba, aliinamia karatasi zake.

Jaldesa halali vizuri. Dahabo anasema mumewe huamka akikunjua kiganja na kukitazama. "Namwambia ni Mungu aliyeandika. Ananijibu, hapana, siku tatu zile ni zangu."

Kutoka wilaya hii kwenda pwani ni lazima mtu awe na kibali. Ameomba mara mbili, akakataliwa mara mbili. Ofisini walimuuliza mchimba visima ana shughuli gani na kanisa. Jumatatu ataomba tena. Ametenga mbuzi wawili kwa ajili ya safari, na amemwomba mchota maji aliyekuwa darasani amwandikie maneno yake, ili asipopewa ruhusa yeye, karatasi iende.

Anashika kamba, tayari kushuka tena. Mwandishi anamuuliza kama anaamini watamsikiliza.

"Sijui," anasema. "Tari nimekwisha kumzika. Maalim bado yuko hai."