Vibao Vyangu na Matawi ya Shangazi

Nina haki ya kujisifu, kwa hiyo nitajisifu. Katika kijiji chetu, kilichobanwa kati ya mashamba ya mpunga na mlima, mimi ndiye wa kwanza kuondoka na begi moja na kurudi na stashahada ya kuongoza watalii. Hakuna aliyenishika mkono. Kule Arusha nilifua mashuka ya hoteli mchana na kusoma jioni, na mikono yangu ilikuwa na harufu ya sabuni hata siku ya mtihani wa mwisho. Baada ya hapo nikapandisha wageni kwenye milima ya watu wengine kwa miaka tisa. Kila walipotoa simu kupiga picha, mimi nilisema moyoni: hamjaona kwetu.

Kwetu ni hivi. Ukitoka Ifakara asubuhi kwenda kaskazini, mlima unakuwa mkono wako wa kushoto, na unaandamana nawe safari nzima bila kukuacha. Kijijini unaanza kupanda ukipita migomba na kokoa, halafu unaingia msituni, ambako mizizi ya miti imesimama kama kuta na unaweza kujificha nyuma yake mtu na baiskeli yake. Mbega wekundu wanaruka juu, wakikudondoshea matunda waliyoyauma nusu. Mwendo wa saa mbili hivi unafika kwenye maporomoko. Maji yanashuka ngazi tatu, na chini yake kuna bwawa la maji baridi kiasi kwamba ukizamisha mguu unasahau joto la bondeni. Juu kidogo kuna mwamba wa kukaa. Ukikaa hapo unaliona bonde lote: majaruba ya mpunga, mto unavyojikunja, na treni ya kwenda Mlimba ikipita taratibu kama jongoo. Nimekaa juu ya miamba mingi maishani. Huo ndio bora.

Nilirudi nikiwa nimeshaacha kazi, nikaomba mkutano wa kijiji unipe njia hiyo niiongoze. Watu walikubali kwa makofi, lakini mwenyekiti, mzee mkavu asiyependa makofi, alisimama na kuweka sharti lake.

"Tunakupa kiangazi kimoja. Akipotea mgeni mmoja, akivunjika mguu mmoja, njia tunaifunga. Na wewe urudi hukohuko Arusha ukapandishe Wazungu wako."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Sikuwa na kazi ya kurudia, na sikuwa na mlima mwingine niliouota.

Kwa wiki saba nilifyeka, nikapanga mawe pale penye utelezi, nikachonga vibao kumi na kimoja vya mbao. Kila kibao nilikipaka rangi ya njano, nikachora mshale mweusi na kuandika jina la mahali. Nilivipigilia kwenye nguzo, juu ya kimo cha mtu, kama nilivyofundishwa chuoni. Hata sasa nasema vilikuwa vibao vizuri. Sijaona vizuri kama vile kwenye mlima wowote.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyekuwa mtumiaji mkubwa wa njia ile. Hata uzee haujamzuia kupanda kila baada ya siku moja kwenda kuokota kuni. Siku moja alinikuta nikipigilia kibao cha mwisho.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba msomi wangu. Hicho kinasema nini?"

"Kinaonyesha njia."

"Njia si tunaijua?"

"Wageni hawaijui, shangazi."

Alikitazama kibao, na ilimbidi ashike mzigo wake wa kuni kwa mkono ili ainue shingo. "Kimekaa mbali," alisema, akaendelea kushuka. Nilidhani anasifia.

Siku moja kabla ya kundi la kwanza nilipita njia nzima kufanya usafi wa mwisho. Chuoni nilifundishwa kwamba mgeni huhukumu njia kwa usafi wake. Kwenye njia panda tatu nilikuta matawi yamelala kukatiza njia, mengine yamekauka, mengine bado mabichi. Niliyaokota yote nikayatupa kichakani. Na hapa niseme wazi kosa langu, kwa sababu hata mtoto wa darasa la pili kijijini kwetu asingelifanya. Tangu zamani, wanawake wa kwetu walipopandisha samaki wakavu juu ya mlima kwenda kubadilishana na maharage, aliyetangulia alikata tawi akalilaza kwenye njia isiyopitwa, ili wanaofuata na mizigo wasipotee. Nimezaliwa nikilijua hilo. Bibi yangu alinifundisha kabla sijajua kusoma. Lakini miaka ya mbali ilikuwa imenifanya nione tawi nikadhani ni uchafu.

Kundi lenyewe lilikuwa la akina mama wa mazoezi kutoka mtaa wa Viwanja Sitini, Ifakara, kumi na wanane, wamevaa fulana za rangi ya chungwa. Kiongozi wao alikuwa mwenye duka la vitenge, mama mnene mcheshi ambaye ukoo wake ulitoka pwani. Alivaa hijabu nyeusi na raba mpya nyeupe.

"Kaka," aliniuliza tukiwa bado kwenye kokoa, "huo mlima wako una kituo cha bodaboda?"

"Hauna, mama."

"Basi unibebe wewe. Si umesema una stashahada?"

Akina mama waliangua kicheko, mmoja mpaka akakaa chini. Yule mwenye duka alibaki nyuma pamoja na wenzake wa mwendo wa pole, nami nikabaki nao, kwa kuwa mwongozaji mzuri hukaa na wa mwisho. Sita wenye mbio walitangulia. Mbele yao alikuwa mama mmoja mrefu wa mtaa wa Lipangalala, mke wa dereva wa lori, mwenye miguu kama ya swala. Niliwaambia wafuate mishale tu. Niliwaambia kwa kujiamini kabisa.

Tulifika kwenye maporomoko kumi na watatu, mimi na wale kumi na wawili. Wale sita hawakuwepo.

Nilihesabu tena. Mwenye duka aliacha utani akaniangalia usoni. "Wenzetu wako wapi?"

"Hapa msiondoke," nilisema. "Mtu asiingie majini mpaka nirudi."

Nikakimbia. Kwenye njia panda ya pili niliona alama za raba kwenye udongo laini, jozi sita, zimepita chini kabisa ya kibao changu cha njano na kwenda kushoto. Kushoto ni njia ya zamani ya wapasua mbao. Mwisho wake ni mwamba ulioinama, wenye maji na utelezi, na chini ya mwamba ni korongo. Nilipiga kelele, lakini sauti ya maporomoko iliimeza yote. Nikikimbia nilimwona akilini mwenyekiti na sura yake kavu, nikaona na mengine mabaya kuliko mwenyekiti.

Niliwakuta wameketi juu ya gogo kwa mstari, wanakula karanga.

"Umechelewa, kaka!" alisema yule mama mrefu. "Tunasubiri. Mbele kuna gari bovu."

Wenzake walicheka mpaka karanga zikamwagika. Mbele ya miguu yao, tawi bichi lilikuwa limelazwa kukatiza njia. Hatua kama kumi kutoka hapo mwamba ulikuwa unang'aa kwa maji.

"Mume wangu ni mtu wa lori," aliniambia nilipopata pumzi ya kuuliza. "Majani yakilazwa barabarani, huyapuuzi. Nikawaambia hapa kuna mtu ametuonya, tukae."

"Na kibao changu hamkukiona?"

"Kibao kipi?"

Wakati huo shangazi alitokea nyuma yetu na mzigo wa kuni, amefuata alama za raba. Alinitazama mimi, akawatazama wao, akalitazama tawi. Hakuhitaji kuelezwa. Nilimuuliza kama ni yeye aliyelilaza.

"Alfajiri nimekuta njia panda zako umezifagia," alisema. "Nikajua msomi ana mpango wake. Njia panda nikakuachia. Hapa kwenye mwamba sikukuachia."

"Lakini kibao kipo pale, shangazi, kikubwa."

"Mwenye mzigo haangalii juu. Na anayepanda mlima haangalii juu hata kama hana mzigo. Anaangalia anapokanyaga. Nilikwambia kimekaa mbali."

Niliwarudisha wale sita, tukaungana na wenzao, na siku iliendelea vizuri kuliko nilivyostahili. Yule mwenye duka aliingia bwawani na hijabu yake, akapiga yowe ambalo nadhani lilisikika Ifakara. Pale juu ya mwamba wa kukaa walinyamaza wote, hata yeye. Mmoja alionyesha kwa kidole moshi wa mbali akasema, "Kumbe tunaishi mahali pazuri hivi." Nilivimba kifua kama mlima ule nimeujenga mimi.

Tuliposhuka mwenyekiti alikuwa anatusubiri kwenye kokoa ya mwisho, ameegemea baiskeli yake. Shangazi naye alikuwa pale, mzigo bado kichwani.

"Wamerudi wote?"

"Wote kumi na wanane, mwenyekiti."

Jibu hilo lilikuwa la kweli na lingetosha. Akina mama walijifanya wanakung'uta raba zao. Shangazi alirekebisha ngata yake. Wote waliniachia mimi. Lakini nilikuwa nimeacha kazi na kurudi kwetu ili niwe na njia yangu mwenyewe, na njia inayosimama kwa kufichwa isingekuwa yangu.

"Sita walipotea njia kwa muda," nikasema. "Walikwenda upande wa korongo. Matawi ya njia panda niliyaondoa mimi jana."

"Uliyaondoa kwa nini?"

"Usafi."

Mzee yule mkavu alinitazama. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akashika usukani kwa mikono miwili, akacheka mpaka machozi. Akina mama nao wakacheka, shangazi akacheka, mzigo ukacheza kichwani.

"Usafi!" alisema akijifuta. Kisha uso ukarudi kama kawaida. "Njia nimeifunga. Itafunguliwa siku shangazi yako akisema imefunguka."

Kesho yake alfajiri nilikuwa mlangoni kwa shangazi. Alinipandisha mpaka juu, akanifungia mzigo wa kuni, akanitwika. Nilishuka mlima ule mzima nikiwa na kuni kichwani, mimi mwenye stashahada, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni niliona njia kwa macho ya wanaoitumia. Nakuhakikishia kwamba sikuona hata kibao kimoja. Kwenye kila njia panda nilisimama, nikakata tawi kwa panga, nikalilaza, kitako kikielekea njia ya kupita na majani yakifunika ile isiyopitwa. La kwanza shangazi alilisogeza kwa mguu. La pili alilisogeza kidogo. La tatu alilizunguka bila kuligusa, akaendelea kushuka, na chini akamwambia mwenyekiti kwamba njia imefunguka.

Sasa ni kiangazi cha tatu na hakuna aliyepotea. Wanakuja walimu, wauguzi, wanafunzi, na akina mama wa Viwanja Sitini wamekuja mara nne. Kibao kimoja kimebaki, pale chini pa kuanzia, na kimoja ni mlango wa banda la kuku la shangazi. Siku ya wageni yeye hutangulia alfajiri, nami namfuata nikiwa na wageni, na kwenye njia panda ya kwanza huwa sisemi kitu. Nasubiri mpaka mmoja wao, anayetazama anapokanyaga, asimame na kuuliza nani amelilaza tawi lile. Hapo ndipo ninapoanza kuwaeleza kwetu, na nikianza huwa sinyamazi mpaka juu.