Mafuta ya Nguruwe kwenye Reli ya Baba Mdogo

Jirani yangu hapa Njombe akikaangia mafuta ya nguruwe, mimi hufunga madirisha yote, hata kama ni saa sita mchana na jua ndiyo kwanza limetoka. Watu wanasema najidai. Mbena gani huyo anayekimbia kitimoto? Nyama yenyewe ya nguruwe nakula, jamani, tena ya kuchoma. Ni yale mafuta yaliyoganda kwenye kopo, meupe, yananuka kama chumba kisichofunguliwa mwaka mzima, ndiyo nisiyoyaweza. Nitakueleza kwa nini, ila usinihurumie.

Nilikuwa na miaka kumi, tunakaa Lyamkena, Makambako. Chumba cha uani alikaa Baba mdogo Tito, mdogo wake baba. Aliwahi kufanya kazi Ilembula kwa fundi mmoja mgeni, na mgeni yule aliporudi kwao akamwachia treni ndogo ya mezani: kichwa kimoja, mabehewa matatu ya abiria, reli za kuunganisha na kidude cha vitufe cha kuiendeshea. Haikuwa ya betri. Umeme ulipita kwenye reli, na amri za vitufe zilipita humo humo. Unabonyeza hiki, kichwa kinaondoka. Unabonyeza kile, kinapiga honi. Mimi nilikuwa nacheka mpaka napaliwa.

Lakini mabehewa yalikuwa giza, na hilo lilimnyima Baba mdogo usingizi. Alichomoa vitaa kwenye tochi mbovu, akavipanga chini ya paa la kila behewa, akaunga nyaya nyembamba kama nywele hadi kwenye magurudumu ili yachukue umeme kutoka relini. Kila behewa akalifungia na kifaa cha kupokea amri.

"Treni ikisimama stesheni, abiria wanakaa gizani?" aliniuliza. "Hawakai. Na taa hizi zitawaka hata ikisimama, mpaka mimi niseme zizime."

Baba hakuona kazi pale. Aliona mtu mzima anakula ugali wa bure na kuchezea midoli. "Mkono mtupu haulambwi, Tito," alisema siku moja mezani, mbele yetu sote. "Jumapili tukitoka kanisani niite nione. Taa zikiwaka, chumba ni chako, fungua ufundi wako. Zisipowaka, Jumatatu unakwenda kupasua mbao." Na baba akisema Jumatatu, alimaanisha Jumatatu.

Kazi yangu mimi ilikuwa kufuta reli kila jioni kwa kitambaa kikavu. Kikavu, alinisisitizia. "Reli chafu, behewa kipofu, Rehema." Jumamosi ile mchana tulijaribu, zikawaka zote tatu. Madirishani tuliwaona abiria wa karatasi aliowakata kwa mkasi, mmoja kavaa kofia. Baba mdogo alikaa chini sakafuni akapiga makofi peke yake.

Sasa sikia upumbavu. Kwetu chuma hakiachwi kikavu. Kilimo kikiisha, majembe na mapanga yanapakwa mafuta ya nguruwe kabla ya kuwekwa, maana ukungu wa Makambako unakula chuma kama mchwa. Ilikuwa Juni, na mama alikuwa amenisifu kwa kupaka majembe yote bila kuruka hata moja. Nikawaza, reli si chuma? Magurudumu si chuma? Jioni ile nikachota mafuta kwenye kopo la mama, nikapaka reli yote na gurudumu moja moja, kwa upendo kabisa, mpaka vikateleza. Nikafunika na shuka, nikanyamaza. Nilitaka kujisifu baadaye, taa zikishawaka.

Jumapili pazia likavutwa, baba kwenye kiti, mama mlangoni, mimi nimejibana pembeni. Baba mdogo akafunua shuka. Puu! Panya walikuwa wamefanya karamu. Vinyesi vyao vilikuwa vimenata relini, na nywele zao, na kwenye paa la behewa kulikuwa na mkojo uliokauka. Baba mdogo akapangusa haraka haraka kwa mkono wa shati, akabonyeza. Kichwa kikashtuka, kikasimama. Taa zikapepesa mara moja, zikazima. Akabonyeza tena. Giza.

Akapitisha kidole relini, akakinusa. Kisha akaniangalia. Aliniangalia muda mrefu, nikadhani anataka kulia.

"Nimekosea kuunga waya, kaka," akasema.

"Ukosee na waya, ukae na mavi ya panya!" Baba akainuka. "Hii ndiyo kazi?"

Na mimi nikacheka. Nikaziba pua, nikasema, "Baba mdogo mchafu." Nilimwonea kinyaa kweli kweli. Nilijua mimi nimefanya sehemu yangu, tena na ziada. Basi aliyeshindwa ni yeye.

Jumatatu akaenda kwenye mbao. Mwaka wa pili msumeno ukamla vidole viwili vya mkono wa kulia, na mkono ule haukushika tena waya mwembamba. Sasa analima viazi huko Mawengi.

Mwezi uliopita alinitumia boksi lenye treni ile, nimpe mwanangu. Nikageuza behewa. Kwenye magurudumu kulikuwa na uchafu mweusi uliokauka na kuganda, na juu ya gurudumu moja alama ya kidole, kidogo, cha mtoto. Nikanusa. Nilikimbia nje nikatapika kwenye maua, mimi mtu mzima, mwanangu ananitazama.

Nilirudi nikasugua kwa spiriti, gurudumu moja moja, na reli yote. Nikabonyeza. Zikawaka zote tatu, na yule wa kofia bado amekaa dirishani. Hakukuwa na waya uliokosewa. Haukuwahi kuwepo.

Nikampigia simu. Tukasalimiana kwa Kibena, kamwene, kamwene. Nikamwambia, "Baba mdogo, taa zinawaka."

Nyuma yake kuku walikuwa wanalia.

"Umeyafuta yale mafuta?" akauliza.

Baba alikuwa na fimbo, na mwenye kazi ya reli alikuwa mmoja tu, mimi. Hilo Baba mdogo alilipima pale pale Jumapili ile, akajitwika kosa, kidole kikiwa bado puani, na mimi nimeziba pua yangu namcheka. Nikamwambia ndiyo, nimeyafuta.