Nilimsalimu Mama Yangu kwa Kiswahili

Nimekosa, na sina wa kumlaumu. Nitukaneni mkitaka, lakini nisomeni hadi mwisho.

Mimi ni mtu wa Mfangano, kisiwa cha Ziwa Viktoria, miaka arobaini na kitu. Tangu nimalize kidato cha nne sijatulia mahali: Kisumu, Nakuru, Malindi, kisha Kitui nilikopata mke. Kila nilipoishi nilisifu ziwa letu mpaka watu wakachoka nami.

Lakini nyumbani sikujenga. Simba yangu, ile nyumba niliyolala nikiwa kijana, ilianguka zamani. Na kwetu mwanamume aliyeoa haruhusiwi kulala chini ya paa la mama yake. Mke wangu ningemlaza wapi? Kwa jirani? Aibu gani hiyo!

Basi Desemba nilipomleta likizo pamoja na binti yetu, tulikodi chumba Mbita, mji wa ng'ambo. Nilimwambia mke wangu kwamba mama yangu amesafiri Tanzania kwa dada yangu. Uongo mtupu!

Siku ya pili tukapanda mashua ya tanga kuzunguka visiwa. Tukapita Rusinga, tukala samaki Takawiri, nami nikijifanya mwongozaji, naonyesha kila jabali. Nilikuwa na furaha, jamani! Nahodha nilikuwa nimemwomba kando akae mbali na upande wa kwetu, bila kumwambia sababu.

Mchana upepo ukageuka. Maji yakaanza kuturukia ndani.

"Tuegeshe pale mpaka utulie," nahodha akasema.

Pale! Ufuo wa kwetu kabisa!

Wanawake walikuwa wanaanua omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu. Mmoja akanyoosha mgongo, akaja akijifuta mikono kwenye leso. Mama. Alikuwa amekonda. Miaka mingi sikuwa nimemwona.

Akafungua mdomo kuniita. Nami nikamkatiza mbele ya mke wangu: "Habari yako, mama. Sisi ni wageni, tunapita tu."

Kwa Kiswahili! Mwanamke aliyenizaa!

Akanitazama kutoka viatu hadi kofia. Kisha akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Karibu wageni." Akamwinamia binti yangu. "Wewe jina nani?"

"Akoth." Kwetu ndilo jina la msichana aliyezaliwa wakati wa mvua.

"Ulizaliwa mvua ikinyesha?"

"Eh! Umejuaje?"

"Mimi najua tu." Akamshika shavu, akamjazia mfuko wa omena. Mke wangu akamshukuru sana. Mimi nilikuwa naangalia mchanga.

Upepo ulipotulia tukasukuma mashua. Mama akaingia majini hadi magotini, akamwambia nahodha jambo kwa Dholuo, lugha yetu. Nilisikia kila neno. Nahodha akacheka, na kabla sijamzuia akamtafsiria mke wangu: "Ati niende polepole, mtoto wake hajui kuogelea! Huyu mama naye, wacha tu!"

Mke wangu hakucheka. Anajua vizuri kwamba mimi, na kelele zangu zote za ziwa, siwezi hata kuelea.

"Baba Akoth," akasema taratibu, "mama yako si yuko Tanzania?"

Alimkumbatia mtoto, akatazama nyuma hadi Mbita.

Kesho yake nilirudi peke yangu. Nikapiga magoti mlangoni, nikaomba msamaha kwa Dholuo. Mama akanitolea kiti nje, kile cha wageni. Halafu akamwita jirani, mjane mwenzake aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Akamwambia, "Njoo unisaidie na huyu mgeni. Kiswahili changu ni kidogo."

Yule mama maskini akatafsiri macho yakiwa chini. "Anauliza kama safari ilikuwa njema." Kisha tena, "Anauliza kwenu ni wapi."

Nilikunywa chai ile nikilia kama mtoto.

Sasa nimejenga, chumba kimoja cha mabati. Mama humpigia simu mke wangu, wakacheka na Akoth hadi chaji iishe. Nikiomba simu, anasema mtandao ni mbaya. Na mke wangu, kila ninapomwambia natoka kidogo, huniuliza, "Unaenda Tanzania?" Nimestahili!

Wewe uliye mbali, unayeogopa kwenda kwenu kwa sababu hujajenga, nenda. Mkeo alale kwa jirani, wanaume wakucheke mpaka wachoke. Lakini mama yako akifungua mdomo kukuita, nakuomba, usimkatize. Itika.